Msumeno wa Mtu Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara wa kambi ya mbao ya Mohoro hakuniuliza jina. Alinitazama viganja, akaniambia, "Wewe wa chini. Wa juu ni Shamte," akaenda zake.

Chini ni shimoni. Gogo lililazwa juu ya shimo lenye kina cha kumzidi mtu, mpasuaji mmoja akasimama juu ya gogo, mwingine ndani, na msumeno mrefu wenye mpini kila upande ukapita kati yao. Wa juu anafuata mstari, wa chini anakula unga wa mbao. Kosa langu la kwanza lilikuwa kusukuma.

"Huu hausukumwi, ndugu yangu," Shamte alisema kutoka juu, kwa ile sauti yake ya chini ambayo hakuwahi kuipandisha. "Vuta upande wako, kisha legeza nami nivute. Ukisukuma unapinda, na bega langu utalivunja."

Desturi yetu wapasuaji ilikuwa kubadilishana baada ya sala ya adhuhuri, wa juu ashuke, wa chini apande. Aliyejifanya kusahau hakupata mwenza tena. Shamte hakusahau hata siku moja. Alikuwa mtu wa Mloka, na alipenda kusema kwamba amekimbilia kazi hii apumzike, kwa kuwa tembo wa kwao hawamwachi mkulima hata aswali. Tulikula sinia moja, tukalala banda moja. Bwana Miti, yule Mwingereza afisa wa misitu, alipotuhamishia Kibiti tukate miti ya mininga na mikongo, alituhamisha wote wawili, kama mtu anavyobeba kinu na mchi wake. Mbao zetu zilikwenda mpaka Ndundu kutengeneza sakafu ya pantoni ya kuvukia mto.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, Bwana Miti alikuja na masanduku mawili. Ndani mlikuwa na misumeno ya moto, hii ninyi vijana mnayoiita chenso. Mmoja ulikuwa mkubwa, wa watu wawili: injini na mshikaji wake huku, mpini wa mwenzake kwenye ncha ya bamba linalozungukwa na mnyororo kule. Wa pili ulikuwa mdogo, wa mtu mmoja. Nilikuwa nimeshapandishwa cheo kuwa fundi, kwa hiyo akaniambia, "Ijaribu yote miwili wiki nzima. Atakayeutumia ndiye achague."

Niliichagua kama ninavyowashauri mchague leo. Usitazame ukubwa wa injini, tazama mti wako na mgongo wako. Uwashe, uushike usawa wa kiuno kwa muda, na mikono ikianza kutetemeka, huo si wako. Bamba refu kuliko miti unayokata ni mzigo tu. Kwa vipimo hivyo mkubwa ulishindwa. Kuubeba kutoka mti mmoja hadi mwingine kwenye mchanga wa Kibiti kulituchosha kabla ya kukata.

"Huu mdogo, bwana," nilisema. Shamte alikuwa amesimama karibu yangu.

Bwana Miti akamtazama. "Na huyu?"

Majibu yalikuwepo, tena ya kweli. Mkata miti hafai kuwa peke yake msituni. Anahitaji mtu wa kufyeka njia ya kukimbilia, wa kugonga kabari mti usiubane msumeno, wa kuangalia matawi makavu juu wakati macho yako yako kwenye shina. Nilijua yote hayo. Lakini nilitaka niitwe fundi wa mashine, mimi na mashine yangu, nikasema, "Nitaweza peke yangu, bwana."

Jioni ile Shamte alifunga mkeka wake. "Umechagua vyema," aliniambia. "Ule mkubwa kweli ni mzito." Akashika njia ya Mloka. Afadhali angenitukana.

Mashine ilinifundisha adabu mapema. Msumeno wa mkono tulikuwa tunaupaka mafuta ya nazi, basi nami nikajaza mafuta ya nazi kwenye tangi la kulainisha mnyororo. Asubuhi moja ya kipupwe yakaganda, mnyororo ukazunguka mkavu hadi bamba likageuka rangi ya buluu. Bwana Miti alilikagua, akaniuliza, "Shamte angekuacha ufanye hivi?"

Tumieni oili, na petroli ya injini ichanganywe na oili yake kwa kipimo, si kwa kukisia. Kabla ya kuwasha, inua mnyororo katikati ya bamba: uinuke kidogo, urudi wenyewe. Ukitoka unga badala ya vipande vyembamba, meno yamekufa, chukua tupa ya mviringo, unoe kila jino kwa idadi ileile ya mapigo. Usikate kwa ncha ya juu ya bamba, maana msumeno utakurukia usoni.

Na zibeni masikio. Hilo hatukuambiwa. Siku nzima nilikuwa na mngurumo kifuani, na nilipozima injini hakukuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba jua ni kali. Niliswali adhuhuri peke yangu, nikala peke yangu, nikawasha tena. Mwanzoni nilidhani ndege wa Kibiti wamehama. Baadaye mke wangu akaanza kunigusa bega anaponiita, nikafahamu.

Siku ya kustaafu, mkuu wa kituo cha misitu, sasa Mwafrika mwenzetu, alinipa ule msumeno uliochakaa niutumie nyumbani. Nakatia kuni, natunza meno yake, naufunika. Ila kabla sijakata chochote kwa ajili yangu, nilikwenda Mloka.

Nilimkuta Shamte shambani, mvi kichwa kizima. Tulikumbatiana. Tukakaa kwenye dungu lake la kulindia mpunga, nami nikasema nililokwenda kusema: kwamba siku ile ningeweza kumtetea, nikamwacha aende kwa kiburi, na kwamba naomba anisamehe.

Shamte akatazama mpunga. Kisha akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kwa ile sauti yake ya chini, midomo ikienda polepole, na mara moja akafuta jicho kwa kiganja. Sikusikia hata neno moja. Nikaona haya kumwambia apaze sauti, mtu anayetoa maneno aliyoyabeba miaka yote hiyo. Aliponyamaza alinigeukia akanitazama, akingoja jibu.

Nikakubali kwa kichwa. Mpaka leo sijui nilikubali nini.