Sauti Yangu Ilipotoka kwa TV ya Baba Mkwe

Nilikuwa nimeketi kwa kochi ya watu huko Bungoma, mikono katikati ya magoti, mdomo nimefunga kabisa.

Na bado sauti yangu ilikuwa inaongea. Kwa TV.

Watu wa kwetu wakaangalia TV. Wakaniangalia. Wakarudi kwa TV.

Wasee, kuna aibu ya kuteleza kwa matope mbele ya watu. Hiyo unaamka, unajipangusa, unaenda zako. Hii yangu haikuwa na pa kwenda.

Wacha niwapeleke pole pole.

Naitwa Muigai. Natengeneza laptop na simu hapa Kitale, kwa kibanda kando ya duka la viatu. Kazi naijua, hata wanaonichukia watakuambia. Shida yangu ni mdomo. Mteja akitoka hajafika barabarani nishamwiga vile anatembea.

Nilikuwa na msichana, Beth. Huyu si wa kupitisha wakati, huyu nilikuwa nataka kuoa. Yeye anafanya kazi Kitale lakini kwao ni Bungoma, na babake, Mzee Gathii, anauza mbegu na dawa za mifugo. Mzee alipigwa na kiharusi kitambo, akapona, lakini ulimi ukabaki mzito. Neno linaanza, linasimama katikati, unangoja.

Siku moja Beth akaniambia, "Baba ana laptop ya zamani, inakaa sana kuwaka. Si umtengenezee? Akifurahi, siku mkija kwetu mambo yatakuwa laini."

Hiyo siku ya kwenda kwao ndiyo ilikuwa maisha yangu yote. Sisi Wakikuyu huwezi ongea mambo ya ndoa kabla wazee wako hawajaenda kujua boma la msichana. Wakikukataa hapo, chukua sweta yako urudi kwa mamako.

Beth akaniletea laptop. Bana! Unabonyeza, unaenda kununua chapo, unakula, unarudi, bado duara linazunguka, imehang, imekwama. Ndani diski inakwaruza kama panya kwa dari. Na Windows yake ilikuwa imezeeka hadi walioitengeneza walishaacha kuishughulikia.

Nikatoa hiyo diski, nikaweka SSD, ile diski mpya isiyo na kitu cha kuzunguka ndani. Nikaweka Windows mpya. Nikarudisha picha za mzee zote, hata zile za ng'ombe. Kuwasha hivi, ikawaka kabla sijamaliza kupiga miayo.

Ilibaki programu moja ya kucheza video, na nilikuwa nayo kwa simu. Flashi yangu ilikuwa na virusi vingi kuliko choo cha stendi. Nikafanya vile mafundi wengi tunafanya: nikafungua WhatsApp yangu kwa laptop ya mteja, nikajitumia hiyo programu, nikaichukua.

Halafu nikafunga laptop, nikampa Beth ampelekee babake. WhatsApp sikutoka.

Yaani kuanzia hapo, kila kitu ninachoandika na kutumiwa kilikuwa kinaingia kwa simu yangu na kwa laptop ya Mzee Gathii. Mimi sina habari.

Jioni hiyo rafiki yangu Kipngetich akaniuliza kwa grupu ya maboyz, "Niaje fundi, mashine ya baba mkwe imepona?"

Sikuandika. Nilirekodi sauti. Na nikaiga ya mzee, vile niliisikia mara moja kwa simu ya Beth.

"La... la... laptop imepona. Imebaki... mwe... mwenyewe. Ni yeye alikuwa anahang, si mashine. Ningemwekea SSD yeye."

Grupu ikaanguka. Watu walicheka hadi wengine wakaomba nirudie. Nikajiona bingwa.

Siku ya kwenda ikafika. Tulikuwa mimi, mama, na Anko Gicheru, ndugu ya marehemu baba. Yeye ndiye alikuwa msemaji, kwa sababu siku kama hiyo kijana haongei, anasemewa. Tukishuka Bungoma, Anko akanishika shati.

"Muigai, leo wewe ni kiti. Ushawahi kusikia kiti kikiongea?"

"Hapana, Anko."

"Basi."

Tulipokewa vizuri hadi nikaogopa. Mzee Gathii amevaa koti, akanisalimia kwa mikono miwili. Beth na mamake walikuwa jikoni, harufu ya kuku inakuja hadi kwa kochi. Anko akasema yake, mzee akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kuhesabu watoto wangu na Beth.

Halafu Anko akaamua kuniuza. "Mzee, nasikia huyu wetu alikutengenezea mashine. Hebu tuone kazi ya mikono ya mtoto."

Mzee akamwangalia kidogo. "Mna... mnataka... kuona?"

"Tunataka sana!"

Mzee akachomeka waya kwa TV. Laptop ikawaka hapo hapo. Anko akapiga makofi. Mama akaniangalia na yale macho ya siku ya matokeo mazuri.

Kwa kona ya TV pakatokea maandishi. Mama akayasoma kwa sauti, akifikiria ni habari za dunia.

"Kipngetich. Umefika, jo? Mzee amemaliza... sentensi ya kwanza..."

Akanigeukia mimi.

Mzee Gathii hakushtuka. Akasogeza kipanya, pole pole, akafungua grupu, akapanda juu, akabonyeza.

"La... la... laptop imepona."

Iliongea hadi mwisho, na vile maboyz walijibu ikaonekana yote, kubwa, kwa ukuta wa watu. Nikafungua mdomo. Anko akaniwekea mkono kwa goti. Kiti.

Akasimama yeye. Akavua kofia.

"Mzee Gathii. Leo mimi ndiye mdomo wa huyu kijana. Kwa hivyo na hayo ni mimi nimeyasema. Nisamehe."

Anko Gicheru, mtu ambaye hata WhatsApp hana! Amesimama na kichwa wazi, anaomba msamaha wa maneno yangu. Hapo ndipo nilitamani kiharusi kingenipata mimi.

Beth alikuwa ameshasikia. Akatokea mlangoni.

"Huyo ni wewe? Muigai, huyo ni baba yangu unacheka hivyo?"

Hakungoja jibu. Mlango wa jikoni ukalia.

Mzee akachomoa waya, TV ikawa nyeusi. Akabeba laptop. "Kijana... njoo."

Nikamfuata hadi varanda. Nilikuwa nangoja kofi. Ningeshukuru.

"Hiyo yako," akasema, "nilisikia... kitambo. Hata... nilicheka. Unaniiga... vizuri." Akageuza laptop. "Hii ndio... sikuweza... kuonyesha watu."

Ilikuwa chati yangu na Beth. Ile sauti nilikuwa nimemtumia yeye pia. Chini yake kulikuwa na safu ya vikatuni vya kucheka machozi, halafu maneno yake: "Umemweza! Ndio maana simu zake sishikangi. Hadi amalize jina langu, lunch imeisha."

Mzee akaangalia upande wa shamba.

"Mimi nilikuwa nafikiria... mtoto... ana kazi nyingi."

Nikasikia kitu nyuma. Beth alikuwa amekuja na birika na karai kumnawisha babake mikono kabla ya chakula. Alikuwa ameona. Zile hasira zote alizonijia nazo zikaisha usoni, ikabaki kitu sijui niite nini.

"Baba..."

Mzee alinyoosha tu mikono juu ya karai. Beth akamimina, lakini macho yalikuwa kwa laptop, maji mengi yakaenda kwa viatu vya mzee.

Alipomaliza kunawa akaniambia, "Toa... WhatsApp yako."

Nikatoa.

"Siku ingine... ukija... uje na sauti yako."

Tulikula kuku. Sijui ilikuwa na chumvi ama haikuwa. Anko alijifunika uso na kofia hadi Kitale, na mama alishuka bila kusema kwaheri.

Beth siku hizi hangoji babake ampigie wakati wa lunch. Anaenda Bungoma mwenyewe, kila wikendi. Mimi na yeye tunaongea, lakini mmoja akianza kucheka mwingine anaangalia chini.

Mimi nilimpigia mzee, bila msemaji, nikamwomba msamaha na mdomo wangu. Nikauliza kama naweza kuja tena. Akaanza kujibu, neno likasimama katikati. Nikangoja. Na kwa huko kungoja nikasikia ile sauti yangu tena, ile ya kwa TV, hadi masikio yakawaka moto.

"Ba... bado," akasema.

Sawa, mzee.

Wasee, ukifungua WhatsApp yako kwa mashine ya mtu, toka kabla hujairudisha. Hiyo ni ya mafundi.

Ya kila mtu ni hii: mzazi wako akikosa kuongea haraka, si yeye anahang. Ni wewe hutaki kungoja.