Tokelau yangu imepigwa msasa Keko

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya mafundi seremala wote wa mtaa wa Keko!

Mie mwalimu wa jiografia, mnanijua. Nilichora ramani ya dunia kwenye ubao wa mninga, nikampelekea fundi seremala aichonge nikaitundike darasani.

Nafika leo kuichukua, Tokelau haipo.

"Fundi, hapa Pasifiki palikuwa na vidoti vitatu."

"Vile? Nilidhani wino umekudondoka. Nikavipiga msasa."

Nikapandwa na mori. Nikamsomesha kwa sauti kwamba Tokelau ni visiwa vitatu vilivyo chini ya Nyuzilandi, havina uwanja wa ndege, na ukitaka kufika unapanda meli kutoka Samoa, zaidi ya siku nzima baharini. Kule wanaishi watu, siyo matone ya wino!

Akanisikiliza kwa adabu zote.

"Umewahi kufika, mwalimu?"

"Hapana."

"Na kisiwa cha Mafia?"

"Bado... ila nitaenda."

"Mie kwetu Mafia. Kwenye mchoro wako Unguja ipo, Mafia haipo. Nikasema labda mwalimu ana sababu zake."

Mafundi wenzake wakaacha kupiga randa, wakageuka kunitazama.

Nikaomba penseli. Nikaweka kidoti cha Mafia haraka haraka, kwa kujiamini kabisa.

Fundi akainama, akakitazama.

"Hapo ni Pemba, mwalimu."

Haya, chekeni. Ila aanze aliyewahi kufika Mafia!