Jina Lililoitwa Mara Tatu

Watu wa chama chetu cha wahamiaji wanasema mume wangu aliuawa na siasa zake, kwamba aliikataa hospitali ya serikali mpaka roho ikamtoka. Si kweli, na kwa kuwa anayejua nimebaki mimi peke yangu, naandika.

Kuipenda hakuipenda. Huko tulikotoka dawa ilikuwa ya mwenye kadi ya chama tawala, na mama mkwe wangu alifia kwenye ngazi za zahanati kwa kuikosa kadi hiyo. Aliyeyaona hayo hahitaji kufundishwa siasa. Hapa ugenini mume wangu alichora ramani za majengo miaka ishirini na sita, na bima ya kampuni ikatutosha. Wenzetu walipousifu mikutanoni utaratibu wa hapa, kila mtu kutibiwa kwa kodi ya wote, yeye, mwenyekiti wao, aliwaambia, "Anayekutibu bure atakufunga mdomo bure." Mdogo wake alikuwa akimtania kwamba angoje mgongo umshike, ataimba wimbo mwingine. Watu walicheka. Mimi nilimuunga mkono mume wangu, tena kwa sauti.

Alipostaafu, bima ikaisha. Presha ikanipanda, nikajiandikisha kimya kimya katika hospitali ya serikali iliyo upande wa pili wa mji, ambako hatujulikani. Nyumbani niliaga kwamba naenda maktaba. Naye siku hizo alikuwa akiaga kwamba anakwenda kwa mdogo wake.

Asubuhi moja nilikuwa benchi la nyuma, gazeti usoni. Muuguzi akaita jina la mume wangu. Nikadhani masikio yananidanganya. Akaita tena. Nikashusha gazeti. Safu tatu mbele yangu, kofia ya kahawia niliyoipiga brashi mwenyewe asubuhi ile ikageuka taratibu, mwenye kofia akihakikisha hakuna anayemfahamu. Akaniona. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Jina likaitwa mara ya tatu. Mume wangu akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akatoka nje.

Sikumwita. Sikunyanyuka.

Jioni, mezani, aliniuliza, "Maktaba kulikuwa na watu?"

"Wachache, Baba. Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Hakurudi tena hospitali, nami sikumhimiza, maana ningemhimizaje bila kukiri nilikomwona? Siku ya kumi na tisa moyo wake ulisimama akiwa anavua viatu, kiatu kimoja bado mguuni.

Barua za kumpangia tarehe mpya zinaendelea kuja, ingawa nimewaandikia mara mbili. Nikiwa jikoni humsikia yule muuguzi akiita. Mara ya kwanza naendelea na kazi. Mara ya pili nazima jiko. Ya tatu hujikuta nimesimama mlangoni, koti mkononi.

Basi ijulikane kwamba hakukataa. Kadi ya hospitali alikuwa nayo, alikwenda kwa miguu yake, na jina lake liliitwa. Kwa nini mimi sikunyanyuka, sitasema, na asiniulize mtu.