Ramani Isiyokuwemo Kwenye Simu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi. Nikishaanza sitaki kukatizwa, maana jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, sijaonja hata funda la pombe ya ndizi.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nauza chaja, kava na vioo vya simu kwenye magulio, leo Nyakahura, kesho Kabanga mpakani na Burundi, mimi na pikipiki yangu. Nina miaka arobaini na kitu, na nacheza gemu. Ndiyo, ile ya risasi: watu wanashuka kwa parachuti kwenye ramani moja, duara linawabana kidogo kidogo, mwisho kinabaki kikosi kimoja. Nacheza na Fidelisi, kinyozi wa Nyakahura, ambaye ningeweza kumzaa kama ningekuwa na haraka.

Ugomvi wetu ni ramani. Yeye anapenda ya jangwa, mimi napenda ile ya vilima vya kijani.

"Mzee wangu, unapenda majani kama mbuzi," aliniambia siku hiyo mbele ya wateja, mashine ikiwa bado kichwani mwa mtu. "Jangwani ndiko kwa wanaume. Unamwona adui kabla hajakuona."

"Na yeye hanioni? Nitajificha wapi, nyuma ya kopo?"

"Basi angalau uwe unakubali mwaliko mapema!" Akawageukia wateja. "Huyu jamani, ukimwalika mara ya kwanza anauacha upite. Mpaka umbembeleze mara mbili, kama bibi harusi!"

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini ni kweli. Marehemu mama, Mhangaza wa kijijini kabisa, alitufunza kwamba jua likizama, ukiitwa usiitike mara ya kwanza. Binadamu ataita tena. Kile kingine huita mara moja tu. Nimekua hivyo, na kwa kuwa tunacheza jioni baada ya kazi, kidole changu nacho kilishazoea kungoja.

Kuhusu vile vilima, sikuwahi kumweleza Fidelisi. Nilikulia jirani na Lukole wakati wa kambi ya wakimbizi, vilima vikiwa vimefunikwa maturubai ya plastiki hadi macho yanapoishia. Rafiki yangu alikuwa Dezire, mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi. Tulicheza vita kwa manati. Kilima kizima kilikuwa ramani yetu, mikaratusi ndiyo mpaka, na ngome yetu ilikuwa chini ya mti mmoja wenye nyuki, mahali tulipopajua sisi wawili tu. Kisha watu wakaanza kurudi kwao. Dezire akapanda lori, sikumwona tena. Kila ninaposhuka kwenye vilima vya ile gemu, nakuambia ukweli, huwa namtafuta yeye.

Jioni ile nikitoka Nyakahura nilipitia Lukole kama kawaida yangu, ingawa si njia fupi. Mvua ikanishika. Nikaingiza pikipiki kwenye banda la matofali lililoachwa pembeni mwa shamba la mihogo, bati lake limetoboka. Jua lilikuwa limeshazama. Mtandao hakuna, nikabaki naziangalia ramani tu.

Akaingia kijana, amejifunika kipande cha turubai la bluu. Hakutoa shikamoo. Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi.

"Unacheza ipi?" akauliza akichungulia. "Ya jangwa?"

"Ya vilima."

"Afadhali. Jangwani hakuna migomba." Akachuchumaa karibu yangu. "Lakini hata hiyo haijatosha. Mimi natua kwenye mti wa nyuki."

Niamini, nikaishusha simu. Nikamtazama vizuri. Kovu juu ya nyusi, jino lililopanda jingine, na umri uleule tulioachana nao. Alikuwa Dezire. Maji yalikuwa yanamdondokea kutoka kwenye tundu la bati, moja kwa moja juu ya turubai, na turubai halikulia. Aliyewahi kulala chini ya plastiki pale Lukole anajua kelele zake mvua ikinyesha. Lile lilikuwa kimya kama pamba.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Mwaliko, bila mtandao! Na nyuma ya mwaliko kulikuwa na ramani nisiyowahi kuiona kwenye simu yoyote: safu za maturubai, ndoo zimepangwa foleni bombani, mikaratusi, moshi wa jioni. Watu wanatembea, hakuna mwenye bunduki.

"Kubali," akasema. "Tushuke wote. Duara bado kubwa."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kidole kilikuwa juu kabisa ya kitufe, lakini kilikuwa kinangoja, kama kilivyofunzwa. Mwaliko ukapita, ukafutika.

"Nialike tena," nikamwambia.

"Nimeshakuita."

"Ita tena basi, ndugu yangu. Nitakubali."

Alinitazama, si kwa hasira, ila kama mtu aliyekuta lango la nyumbani limefungwa kwa ndani. Kisha akatoka na mvua yake.

Niliendesha huku nalia, na si kwa woga. Kama yule ni mzimu, basi Dezire amekufa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nikawa nauliza Kabanga kama yu hai au kafa, kwa makondakta wa mabasi, kwa wabadilisha fedha, kwa akina mama wanaovuka na ndizi. Nikatuma salamu ng'ambo kwa kila aliyekubali kuzibeba.

Asubuhi moja nimetandaza kava zangu, nikasikia nyuma yangu: "Ni nani huyu anayenitangazia msiba?"

Mtu mnene, mwenye upara, kovu juu ya nyusi.

"Wewe hukufa?" nikauliza kama mjinga.

"Nife, nani awalimie watoto saba?"

Tulikumbatiana mpaka chaja zikamwagika. Lakini nilipomsimulia ya bandani, alikaa juu ya ndoo.

"Na wewe ulikuja kwangu," akasema. "Mwaka jana, jua limezama. Ukaniita nje ya mlango kwa sauti ya utoto, twende kilimani na manati. Nikamziba mke wangu mdomo. Tukangoja uite tena."

"Sikuita."

"Hukuita. Nikajua umekufa. Nilikulilia wiki nzima, mshenzi wewe!"

Tulicheka hadi watu wakatushangaa. Sasa hunipigia kila Jumapili jioni. Simu inalia, anakata, anapiga tena, ndipo napokea. Gemu bado nacheza, ila kwenye ramani ya jangwa. Nauawa mapema sana, na Fidelisi amefurahi.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu unamkumbuka, mtafute kwa miguu, mchana. Na giza likiingia ukaitwa, iwe mlangoni au kwenye simu, acha ya kwanza ipite. Mwenye damu ataita tena.