Jina Tuliloliacha Porini

Kompyuta ya kituo cha afya pale Nachingwea ilikuwa nzito, na programu ya kutafutia kadi za wagonjwa, niliyorithi kwa mwenzangu aliyehama, iliizidishia uzito.

"Kaka," muuguzi wa dirishani aliniambia, "hiki kidude chako kikimaliza kutafuta kadi, mgonjwa kashapona mwenyewe."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Mimi sikucheka. Mganga mkuu alikwisha kusema tukiendelea hivi kadi zinarudi kabatini, na mimi narudi kwetu Ruangwa.

Nikaanza kupunguza. Programu iliuliza kama kadi ipo, ikaifungua, kisha ikauliza tena kama ipo. Nikafuta swali la pili. Ilikagua kama jina limeandikwa, wakati sehemu ya kuandikia haikubali kuachwa tupu. Nikafuta na hilo. Nilifuta kwa woga, maana kwenye kadi zile ndimo mlimoandikwa nani asipewe dawa gani, na kadi isipoonekana, sindano inachomwa kwa kubahatisha.

Mwisho nikafikia kipande kirefu kuliko vyote: jina lisipopatikana, tafuta upya kwa jina la mama na kijiji. Niliona upuuzi. Kwani mtu hana jina lake? Nikakifuta, na majibu yakaanza kuja kabla sijaondoa kidole.

Kwa kujaribu, nikaandika jina langu. Nilitibiwa pale utotoni, miaka ya tisini, nikitokea kijijini kwetu Malolo, kule Ruangwa, na kadi zote za zamani zilikwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Hakuna kadi. Nikaandika tena, herufi moja moja. Hakuna kadi.

Ndipo nikakumbuka jando. Kwetu mvulana akitoka jandoni, kule porini, huja na jina jipya, na kumwita kwa lile la zamani ni kumtukana. Hata mama, nikimtania kwa kulitaja, husema, "Lile tuliliacha porini, mwanangu," na kuendelea kupepeta. Na msimu ule vijana walikuwa ndiyo kwanza wanatoka, kadi zao zote zikiwa na majina waliyoyaacha huko.

Nikakirudisha kipande chote. Nikaandika jina langu, la mama na la kijiji, nikasubiri. Muuguzi akagonga kioo.

"Subiri kidogo, dada," nikasema.

Kadi ikaja. Juu palikuwa na jina langu la kabla ya jando, la yule mtoto, na chini yake, kwa herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI.

Hakuna aliyewahi kuniambia.