Mkono Uliomlisha Mtoto wa Jirani

Mara ya kwanza mtoto alipoanguka nilimgombeza. Nilidhani ni utundu, maana huyo msichana akinyimwa kitu hujitupa chini. "Amka wewe, utachafua nguo mama yako anilaumu mimi!" Kisha nikaona macho yamepinduka, povu mdomoni, mkono mmoja unarukaruka peke yake juu ya saruji ya duka langu la viatu. Nyasae, Mungu wangu! Nilipiga yowe hadi wateja wakatawanyika. Mmoja alitoka na viatu vyangu vya kuuza miguuni, na mpaka leo sijamwona, wala sijamtafuta.

Mama yake anauza leso na vitambaa duka linalopakana na langu, hapa Nyamira mjini. Yeye ni Mwislamu, wa ukoo uliofanya biashara hapa tangu babu zake. Mimi ni Mkatoliki kutoka upande wa Nyamache. Nyumbani tunapanga ploti moja, ukuta kwa ukuta. Mtoto akitoka nasari anakula kwangu, mama yake akiswali adhuhuri. Namkalisha mapajani, namega ugali wa wimbi, naukanda kwa vidole, nachovya kwenye mchuzi wa chinsaga, mboga yetu ya majani, namtia mdomoni. Ukimpa kijiko anakitupa. Tangu alipoachishwa ziwa amezoea tonge la mkono wangu.

Na nilikuwa mwangalifu, jamani. Huku kwetu Wasabato, ambao hawali nguruwe, ni wengi, kwa hiyo ni nyama ya wachache, lakini mimi naipenda na sifichi. Jumapili nyingi baada ya misa nilipitia Nyakoe kula ya kuchoma, ile inayodondosha mafuta, kabla haijakauka motoni. Ndiyo maana nilimtengea mtoto sufuria yake, sahani yake, kisu chake, hata kitambaa cha kuoshea vyombo vyake. Mama yake alikuwa akinitania: "Wewe Mkatoliki unalinda halali kuliko shangazi zangu." Nami nilijisikia mtu wa maana sana.

Alipoanguka tena tulimpeleka hospitali ya Kisii akapigwa picha ya kichwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alitunyooshea kalamu kwenye vidoa vya mviringo ndani ya ubongo wa mtoto. Alisema ni vifuko vya mnyoo aitwaye tegu. Tegu wa nguruwe.

Mama yake alisimama. "Nguruwe? Daktari, mtoto wangu hata harufu yake haijui!"

"Keti, mama. Najua hakula." Daktari alingoja mpaka akaketi. "Anayekula nyama isiyoiva ndiye anayefuga tegu tumboni, na anaweza asisikie lolote. Mayai yake hutoka na choo. Yakibaki mkononi au chini ya kucha, mtu huyo akamlisha mwingine, huyo mwingine ndiye anayeota vifuko kichwani. Inaweza kuwa zamani, mwaka juzi hata. Nani humlisha mtoto?"

Mama yake aliitazama tu mikono yangu, nami nikaivuta ndani ya leso. Nilitenga sufuria, nikatenga kisu, lakini vidole vilikuwa ni hivi hivi.

Sote wa ploti tuliambiwa tupeleke choo kikapimwe. Siku za kungoja majibu sikuwa mtu. Nilisugua mikono kwa brashi ya viatu mpaka ikapasuka. Nilikata kucha mpaka nyama. Nikilala nahisi kitu kinanitembea tumboni, nikigusa hakuna kitu, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Niliomba rozari huku nimekunja ngumi. Mungu wangu, awe ni mtu mwingine. Nilimwombea hivyo jirani yeyote, hata yule bibi wa chumba cha mwisho ambaye hajanikosea chochote.

Wakaja maafisa, wa afya pamoja na wa mifugo. Choo chetu hakikuwa na mlango, na nguruwe wa jirani wa nyuma ya ploti walikuwa wakiingia humo watakavyo. Tuliwaona kila siku, tukiwafukuza kwa mawe na kucheka. Afisa wa mifugo hakucheka. Alisema nguruwe hula mayai kwenye kinyesi cha mtu, mtu hula nguruwe, na mzunguko hauishi mpaka ukatwe kotekote: nguruwe wafungiwe, choo kiwe na mlango, nyama ikaguliwe na iive kabisa, watu wanywe dawa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha ploti yetu kilikuwa kinapita mlangoni kila asubuhi.

Majibu yalipotoka, wengine wote walikuwa salama. Mayai ya tegu yalionekana kwenye choo changu.

"Ni mimi?" nilimuuliza daktari.

"Yanaweza kuwa ya tegu wa ng'ombe, ambaye hafanyi haya. Kwa darubini yanafanana. Siwezi kukuambia ni wewe, na siwezi kukuambia si wewe."

Nilitaka anitukane. Ningelia, ningepiga magoti, ningejua pa kuanzia. Nilimeza dawa, nikapimwa tena baadaye, nikaambiwa nimesafika. Lakini mama wa mtoto alikuwa haniamkui tena. Nilimsikia ukutani akimbembeleza mwanawe, nikashika kichwa. Haki, nisingemlaumu hata angenimwagia maji ya moto.

Mtoto alirudishwa nyumbani na dawa za kuua vifuko. Daktari alikuwa ameonya kwamba vikifa ubongo unaweza kuvimba, na kwamba dawa ziende na chakula, tena chenye mafuta. Mtoto akagoma kula. Kijiko alikipiga kikaruka. Mkono wa mama aliuuma. Shangazi walikuja wakabembeleza, wakatisha, wakashindwa. Dawa alizimeza tumbo likiwa tupu, akazitapika.

Adhuhuri moja mlango wangu ukasukumwa bila hodi. Mama yake aliingia na mtoto begani na bakuli la ugali na mchuzi mkononi. Alikuwa amekonda, na hakuniangalia usoni.

"Nawa," alisema.

Nikanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Alisimama nyuma yangu akitazama.

"Tena. Na kucha."

Nikanawa tena. Aliweka bakuli chini, akaigeuzageuza mikono yangu kwenye mwanga wa dirisha, kidole kwa kidole, kisha akaniwekea mtoto mapajani. Mtoto alinukia dawa na mafuta ya nazi. Akainua uso, akafungua mdomo, akangoja.

Nilimega tonge, nikashindwa. Nililishika hewani mpaka mchuzi ukamdondokea kifuani. "Dada, siwezi," nilisema. "Naogopa, dada. Tafuta mtu mwingine."

"Unadhani mimi siogopi?" alisema.

Akanishika kiganja kwa nguvu, kikiwa na tonge ndani, akakisukuma hadi mdomoni mwa mwanawe. Mtoto akatafuna. Sote wawili tulimkodolea macho kooni mpaka akameza.