Sufuria Iliyobaki Ghulail

Kazi ya kukodisha vifaa vya kambi ina ugonjwa mmoja: vitu haviibwi, vinapotea. Ukimwambia mtu hivyo atakucheka, lakini njoo ukae nasi hapa Riyadh majira ya baridi, watu wanapotoka na familia zao kwenda kulala jangwani, utaona. Hema linarudi bila vigingi. Zulia linarudi, ila si letu. Jenereta inarudi imejaa mchanga na mteja anaapa kwamba aliipokea hivyo hivyo. Mimi ndiye ninayepokea mizigo, na mimi ndiye ninayeulizwa, kwa hiyo wikendi ikiisha nilikuwa mtu wa kununa tu.

Duka letu ni la watu watatu. Bosi ni Msaudi aliyeacha kazi ya ofisini kwa kupenda jangwa. Mimi ni mtu wa Changamwe, Mombasa, na nina mdomo, siwezi kukataa. Wa tatu ni dereva, Mluhya wa Kakamega, amenizidi umri kwa mbali, mtu wa kanisa, mpole hadi anakera. Mimi namwita mzee, yeye ananiita ndugu yangu. Tuna stoo nyingine ndogo Jeddah kwa ajili ya wale wanaopiga kambi karibu na bahari, na yeye ndiye anayekwenda na kurudi na lori.

Msimu mmoja bosi alichoka na upotevu. Akaja kijana wa mauzo kutoka ofisi moja ya mtaa wa Olaya, na kompyuta yake na viatu vinavyong'aa, akatuonyesha mfumo wa kufuatilia kila kifaa. Mfumo mzuri, haki ya Mungu. Bosi alimsikiliza, akampa kahawa na tende, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi akasema, "Mafi, hakuna kitu. Kwa bei hiyo afadhali ninunue mahema mapya kila mwaka."

Nikamwambia aniachie mimi. Kwenye maduka ya simu zinauzwa stika zenye michoro ile ya kuskani, na kuna programu ya bure kwa biashara ndogo kama yetu. Unabandika stika, unaiskani kwa simu, unaona kifaa kimetoka na nani na kinatakiwa kurudi lini. Basi. Kwa vile vitu vizito nilinunua vitufe, vidude vya mviringo kama kifungo cha koti. Havina laini ya simu wala havihitaji. Simu ya mtu yeyote ikipita karibu, kitufe kinatoa habari kiko wapi, nawe unakiona kwenye ramani.

Usidhani ilikuwa rahisi. Stika za nje ya mahema zilibanduka kwa jua kabla ya mwezi kuisha, nikahamia kuzishona ndani ya mifuko. Kwenye sufuria ndiyo kabisa, kwa sababu kitufe na moto haviivi chungu kimoja. Kila sufuria kubwa ina mfuko wake wa turubai, mnamokaa pia mfuniko na miiko, kwa hiyo nilikishona kitufe kwenye bitana ya mfuko. Nikajiona fundi. Bosi naye akapata mchezo mpya: asubuhi anakunywa kahawa huku anakagua mali yake kwenye simu, kama mfugaji anayepita zizini.

Asubuhi moja akaniita.

"Sufuria kubwa inafanya nini Ghulail?"

Ghulail ni mtaa wa zamani kule Jeddah, vichochoro na maduka madogo, wanakoishi Waafrika wengi. Hakuna mtu anayekwenda kupiga kambi Ghulail. Na sufuria hiyo ndiyo kubwa kuliko zote tulizo nazo, inameza mbuzi mzima na wali wake. Kulikuwa na familia iliyokwisha kuiagiza. Mteja wa Jeddah alikuwa ameirudisha, stika inasema hivyo, kwa hiyo aliyeitoa tena ni mtu wa ndani.

Dereva alikuwa uani anapakua mahema. Bosi alipomuuliza, hakuzungukazunguka.

"Nimeiazima, bosi. Kuna msiba."

Msichana mmoja wa Kenya, wa upande wa kwao dereva, aliyefanya kazi za nyumbani Jeddah, alikuwa ameugua ghafla akafa. Binamu yake anaishi Ghulail, anapikia watu chakula cha kuuza, na ndiye aliyefungua nyumba yake kwa matanga. Hakuwa na sufuria ya kutosha watu. Dereva alikuwa Jeddah siku hizo, sufuria iko stoo imekaa bure, akampelekea.

Bosi akasema Mungu amrehemu, na alisema kwa moyo, si kwa mdomo tu. Kisha akasema, "Kwetu kuhani wafiwa ni siku tatu. Zimeisha zamani. Irudishe."

"Siwezi, bosi. Hajazikwa."

Hapo bosi akakasirika. Angeomba angepewa, alisema, lakini hakuomba. Sasa shida ni kwamba dereva alikuwa akisubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Binti yake alikuwa akiposwa, wakwe watarajiwa wamekwisha kupanga siku ya kuja kuzungumza mahari, na siku hiyo ilikuwa imekaribia. Baba mzazi asipokuwepo kwenye kikao hicho, maneno yanasemwa na wengine naye anasimuliwa. Siku hizi ruhusa haina karatasi, kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, anaibonyeza kwenye simu yake, lakini asipobonyeza huvuki uwanja wa ndege. Bosi akainua simu ile ile iliyokuwa na ramani.

"Sufuria ikirudi, nabonyeza," akasema.

Nilimvaa dereva tulipobaki wawili. Nilimwambia, mzee, sufuria ni bati. Utamkosa binti yako kwa ajili ya bati? Wapikie kwenye sufuria ndogo, mara mbili, mara tatu, chakula ni kile kile.

Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akanieleza, polepole, kama anamweleza mtoto. Kwao mtu akifa, moto unawashwa uani na hauzimwi hadi azikwe. Watu wanaota pale, wanalala pale, na asiyekuwa na neno la kusema anaongeza kuni. Ghulail huwezi kuwasha moto nje, majirani watakuja juu. Kwa hiyo moto wao ulikuwa ule wa jiko chini ya sufuria. Jioni watu wanatoka kazini, madereva, walinzi, kina dada waliopata nafasi, wanakula, wanaomba, wanaimba kwa sauti ya chini.

"Ukija ukaitoa sufuria," akasema, "umewaambia waondoke."

Kosa lake lilikuwa la hesabu za nyumbani. Alipoitoa sufuria aliahidi ibaki mpaka marehemu azikwe, na kichwani mwake hiyo ilikuwa wiki, ikizidi sana wiki na siku. Alisahau tuko wapi. Hapa mwili hautoki bila kafili wa marehemu kutia sahihi, na kafili alikuwa safarini, na hakuna aliyejua anarudi lini. Matanga yakawa hayana mwisho, na ahadi yake ikawa haina mwisho pia.

Waswahili walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini kisima hiki nilichimba mimi kwa vitufe vyangu, akaingia mzee wa watu. Iliniuma sana. Bosi aliponituma nikailete sufuria, sikubisha. Nilijiambia nitaichukua, wanilaani wakitaka, lakini mzee akae na wakwe zake.

Basi lilinishusha Jeddah mchana. Nikala mtaa wa Sharafiya, kwenye mkahawa wa wali wa bei rahisi, nikachukua teksi hadi Ghulail. Pale simu ikaniongoza kichochoro baada ya kichochoro. Kitufe ukikikaribia unaweza kukiamuru kilie ili ukipate. Nilikiamuru nikiwa mlangoni, sijui akili yangu ilikuwa wapi. Kikaanza kulia ndani, pii, pii, pii, kutoka kwenye mfuko uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango, na wanawake waliokuwa wakiosha mchele wakainua vichwa wote wakanitazama.

"Ni wewe wa stika," akasema mwenye nyumba, yule binamu. Mwanamke mnene, kitambaa kichwani, macho mekundu.

"Ndiye mimi, mama. Poleni na msiba."

"Tushapoa. Zima hicho kitu chako uketi."

Juu ya friji kulikuwa na picha ya marehemu. Msichana mdogo kuliko nilivyodhani, anacheka, kamera imemshika kabla hajajiandaa. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu nimeyapanga, yote yakanitoka. Mwenye nyumba ndiye aliyenisaidia.

"Umekuja kuchukua sufuria."

"Mzee atafungiwa safari, mama. Binti yake anaposwa."

"Hakutuambia hilo," akasema. Akafuta mikono kwenye leso. Akafikiri. "Si hicho kinacholia kiko kwenye mfuko? Basi chukua mfuko. Kwenye ramani utaonekana umefika Riyadh. Sufuria tuachie."

Wazo hilo lilikuwa limenijia mimi pia kwenye basi, na kwa kweli nililipenda. Nikampigia dereva nimpe habari njema.

"Ndugu yangu," akasema, "niende nikakae mbele ya watu wazima niwaambie binti yangu amelelewa katika kweli, na mimi nimetoka huku kwa hila ya mfuko? Acha mfuko. Acha na sufuria. Nimemwambia mdogo wangu akae mahali pangu."

Nilikata simu nikiwa na hasira na kila mtu: bosi, kafili wa marehemu huko aliko, na mzee mwenyewe na huo ukweli wake. Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Jioni watu wakaanza kuingia mmoja mmoja na sare zao za kazi. Sufuria ilikuwa jikoni inachemka. Nikapakuliwa, nikala, kwa sababu ukikaa kwenye matanga unakula. Kisha nikatoka ngazini nikampigia bosi. Nikamwambia sufuria nimeiona, mfuko nimeuona, na sirudi na chochote, akitaka anifukuze mimi.

"Nionyeshe," akasema.

Nikawasha kamera nikaingia ndani. Nikamwonyesha sufuria juu ya moto. Nikamwonyesha watu chini sakafuni na sahani zao. Kamera ikapita kwenye friji.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye, bosi."

"Kafili wake yuko wapi?"

"Safarini, bosi. Wanamngoja atie sahihi."

Niliona uso wake kwenye simu, na hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akiitazama ile picha. Baadaye akaniambia nimpe simu mwenye nyumba. Akamhani kwa maneno yao, na yule mama, mwenye Kiarabu cha miaka mingi, akamjibu inavyopasa. Niliporudishiwa simu bosi akasema, "Ile familia iliyoagiza nitaipa sufuria mbili ndogo. Halas, yameisha." Akakata.

Kuhusu dereva hakusema neno. Nilikwenda kunawa mikono, na kabla sijajifuta simu ikaita tena. Ni dereva. Ruhusa ilikuwa imeingia.

Alisafiri. Nilimsindikiza uwanjani, amevaa koti jipya lisilomkaa vizuri mabegani, na nilimtania kwamba wakwe watadhani ndiye bwana harusi. Kisha akanyamaza kwa siku kadhaa, kama watu wafanyavyo wakiwa nyumbani, nami nikabaki nikishona stika.

Aliponipigia alianza na kikao. Wakwe walikuja na heshima zao, walibishana vizuri bila kuvunjiana adabu, na aliyeulizwa la mwisho alikuwa yeye. Binti alitoka akawasalimia, akamwona baba yake kwenye kiti cha baba, akashindwa kumaliza salamu. Mzee aliposimulia hapo alicheka, na alikuwa na makamasi.

Kesho yake alipanda gari akaenda kwa mama wa marehemu. Si mbali na kwao. Alimkuta ameketi uani peke yake. Majirani walikaa naye siku za kwanza, wakakaa tena, lakini msimu wa kupanda ulikuwa umeingia na mashamba hayangoji mtu, wakarudi makwao. Moto ulikuwa umebaki kisiki kimoja kinachotoa moshi. Alimwambia alikotoka. Yule mama hakuuliza habari za kafili wala za sahihi.

"Huko kwenu," akamuuliza, "bado wanapika?"

"Wanapika, mama. Kila jioni."

Dereva alisema hapo yule mama aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuni.